Barua ya wazi kwa TCU, NACTVET na Bodi ya Mikopo: mtoto ajue krediti zake kabla hajapanda basi

Kwenu Katibu Mtendaji wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), Katibu Mtendaji wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, vya cheti na diploma), Mkurugenzi Mtendaji wa Bodi ya Mikopo, na wakubwa wote wa Wizara ya Elimu. Na nyie wakuu wa vyuo msipite kimya, hii inawahusu kuliko hata hao niliowataja mwanzo.

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Tabora mjini, hapa Kanyenye, nina steshenari ndogo tu, fotokopi, printa, skana na kompyuta ambazo msimu wa maombi ya vyuo hazizimwi mpaka usiku. Mimi sio mhadhiri wala sijawahi kukaa ofisi ya udahili. Ila karatasi za wanafunzi zinapita mikononi mwangu mwaka mzima, transkripti, matokeo ya semista, barua za kuomba kuhama, fomu za klirensi (za kuonesha hudaiwi kitu chuoni), AVN (namba ya kuhakiki diploma ya mtu), kontrol namba, na ukishazoea kuskani karatasi za watu unajua kabisa mtoto amekwama wapi hata kabla hajakusimulia.

Jambo langu ni moja nalisema mapema kabisa: mwanafunzi anayetaka kuhama chuo apewe jibu la krediti zake, yani ule uzito unaohesabiwa kwa kila somo alilofaulu, kwa maandishi KABLA hajahama. Sio akishalipa ada, sio akishapanga chumba, sio wiki ya tano ya semista ndo anaitwa ofisini anaambiwa hizi tumezikubali hizi hatujazikubali. Kabla.

Saivi inakwendaje? Najua TCU kila mwaka mnatangaza dirisha la uhamisho, mwaka wa kwanza wanapewa muda wa kubadili kozi au chuo kama sifa wanazo na nafasi ipo, hilo liko vizuri na watoto wanalitumia, hapa dukani siku hizo foleni inafika barabarani. Lakini huyo wa mwaka wa kwanza hana cha kupoteza bado, hajafanya hata mtihani mmoja. Shida ipo kwa yule wa mwaka wa pili au wa tatu, yule mwenye matokeo tayari, mwenye jasho lake kwenye transkripti. Huyo anaambiwa njoo kwanza, jisajili kwanza, mambo ya krediti tutayaangalia. Hilo neno tutayaangalia limeshakula hela za wazazi wengi sana wa mkoa huu.

Nitoe mfano mmoja, majina naacha na vyuo naacha. Kuna binti wa Kaliua, baba yake mkulima wa tumbaku, alikuwa anasoma diploma Dar, mambo ya utunzaji kumbukumbu na uendeshaji ofisi, level 5 (ngazi ya cheti) kamaliza vizuri na level 6 (ya diploma yenyewe) kaingia semista ya kwanza kaimaliza, hana sapu hata moja, yani hakuna mtihani aliorudia. Mama yake akapooza upande. Yeye ndo mkubwa, wadogo wapo shule, ikabidi arudi karibu, akapata chuo kingine huku huku kwetu kozi ile ile kwa jina lile lile. Akalipa, akasajiliwa. Baada ya muda akaambiwa moduli nne, yani masomo manne, hazifanani, semista nzima unarudia.

Akaja dukani na maelezo ya kozi ya vyuo vyote viwili tukaprinti tukaziweka mezani pamoja. Moduli moja kule inaitwa usimamizi wa nyaraka, huku inaitwa utunzaji wa kumbukumbu za ofisi. Mada ni zile zile, kufungua faili, kuainisha, masijala, muda wa kutunza, kuteketeza, tofauti ni kwamba kule mada ya kuteketeza iko mwisho na huku iko katikati. Nyingine kule ina krediti 9 huku ina krediti 10, basi hiyo moja tu ndo imemfukuza. Nikamuuliza hawakukuambia hiyo moja iliyopungua ungeifidia kwa kazi ya ziada? Akasema hakuna aliyemwambia kitu, alipewa kikaratasi kina alama ya x.

Sasa nyie mliopo maofisini mnaweza kuona semista moja ni kitu kidogo. Kwa mkulima wa tumbaku hela inakuja mara moja kwa mwaka, masoko yakifunguliwa, chama kikikata deni la mbolea na dawa ndo kinachobaki ni cha kwake. Ada ya semista iliyorudiwa haina msimu wake. Yule mzee aliuza ng'ombe. Na binti kachelewa kumaliza, kachelewa kuomba ajira, wenzake aliokuwa nao Dar wameshaitwa usaili na yeye bado anajifunza kufungua faili mara ya pili.

Haya twende kwenye hizo krediti zenyewe maana hapa ndo nashindwa kuelewa kabisa. Kwa utaratibu wenu wenyewe krediti moja ni masaa 10 ya kujifunza, ukijumlisha darasani, kujisomea, mazoezi na mtihani. Mwaka mmoja unahesabiwa krediti 120, digrii ya miaka mitatu krediti 360. Kipimo kimoja nchi nzima. Mlifanya kazi kubwa kukiweka na nawapongeza kwa dhati. Lakini kipimo kikiwa kimoja halafu kila chuo kikawa na haki ya kukikataa cha mwenzake bila kueleza kwanini, kipimo hicho kinamsaidia nani? Saa ya Tabora ina dakika 60 kama ya Dar. Chuo kile kina ithibati yenu, hiki kina ithibati yenu, mitaala yote miwili mmeipitisha nyie, mhuri ni wenu, sasa mtoto anaambiwa aende akathibitishe yeye kwamba mlichopitisha kule kinafanana na mlichopitisha huku. Yani kazi ya mdhibiti anafanya mtoto wa miaka 21 kwa hela ya fotokopi.

Maelezo ya kozi kuyapata tu ni msala. Chuo alichotoka wanamwambia silabasi ni mali ya chuo hatutoi, chuo anachokwenda wanamwambia bila silabasi hatuwezi kulinganisha. Anapiga simu kwa darasa representative wa zamani ampigie picha kwenye simu, picha zinakuja zimepinda, mimi ndo nazinyoosha kwenye kompyuta. Huo ni utaratibu wa nchi?

Halafu kuna hili la diploma kwenda digrii, ambalo kwangu naona ni ndugu wa hilo hilo. Kijana wa Uvinza kasoma cheti, kasoma diploma, katoka na GPA ya zaidi ya 3.0 inayotakiwa, kachukua AVN, kaomba chuo kikuu kapata, safi. Anafika anaanza mwaka wa kwanza sawa na yule aliyetoka form six jana. Sisemi asianze mwaka wa kwanza, pengine kuna hesabu na nadharia kweli hajazisoma. Ila tuwe wakweli jamani, stadi za mawasiliano alisoma kwenye cheti, akasoma tena diploma, na sasa anasoma chuo kikuu. Kompyuta ya mwanzo, hivyo hivyo, kila akipanda ngazi anaambiwa hii inaitwa kibodi. Mtoto huyo huyo mimi ndo nilikuwa namwachia kompyuta ya duka anachapia watu barua za kuomba kazi. Mara ngapi mtu afundishwe kuandika memo kabla serikali haijaridhika kwamba anajua kuandika memo?

Wakuu wa vyuo najua mtakachosema na mna hoja, siwanyimi. Mnasema ubora. Mnasema kuna vyuo vinagawa A kama karanga za msibani, na mkimpokea mtoto wa kule akafeli mwaka wa tatu aibu ni yenu na cheti kina jina lenu. Kweli. Mnasema kuna transkripti za kufoji, kweli tena, mimi mwenyewe kuna watu wamekuja dukani wakitaka nibadilishe C iwe B nikawafukuza. Na kwenye uuguzi, famasia, udaktari, huko sitaki kabisa mtu apitishwe kwa huruma, kama masaa ya wodini hayajatimia arudie tu, maana huyo kesho ndo atanichoma mimi sindano. Mabaraza ya taaluma yawe na neno lao pale.

Lakini hoja ya ubora ni hoja ya kukataa kwa sababu, sio ya kukataa kimya kimya. Kama mna wasiwasi mpeni mtihani wa kupima, akifaulu mpeni krediti, akifeli arudie na ataelewa. Kama transkripti mnaishuku, mwulizeni msajili wa kule moja kwa moja, mna barua pepe, mna simu, AVN yenyewe imeonesha kwamba tuzo ya mtu inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo bila mtu kusafiri na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi. Kwanini matokeo ya mtu ambaye hajamaliza yasihakikiwe hivyo hivyo? Na kuna jambo lingine ambalo hamtalisema nyie basi ngoja nilisemee: mwanafunzi anayerudia analipa. Sisemi mnafanya makusudi. Nasema tu kwamba anayeamua kama mtoto arudie na anayepokea ada ya kurudia ni ofisi moja, na hilo halikai vizuri hata kwa macho ya mtu wa sokoni.

Klirensi nayo. Fomu ina saini za maktaba, hosteli, michezo, uhasibu, idara, na sehemu nyingine sijui inahusu nini, mtu wa michezo yupo semina, mtu wa maktaba yupo likizo ya uzazi, na mtoto yupo Tabora fomu ipo Dar. Ukiwa na deni la ada hata dogo matokeo hayatoki. Naelewa chuo kinadai haki yake, mimi pia nadai watu hapa mtaani. Ila mnaonaje matokeo yakatumwa moja kwa moja kwa chuo anachokwenda, kwa ajili ya kulinganisha krediti tu, na cheti chake au transkripti rasmi ikabaki mpaka alipe? Deni linabaki pale pale, halikimbii. Saivi mtoto anashindwa kuhamia chuo cha bei nafuu kwa sababu ana deni kwenye chuo cha bei ghali, na deni lenyewe ndo sababu ya kuhama. Hapo anatoka vipi?

Bodi ya Mikopo, nyie nina ombi fupi. Mkopo mnaupanga kwa miaka ya programu. Mtoto akihama akanyang'anywa krediti programu inarefuka na yeye anabaki anauliza miaka yangu inahesabiwaje, na bumu langu, hela ya kujikimu, linanifuata lini. Kila anayemuuliza anajibu lake, wengine wanampeleka kwa afisa mikopo wa chuo cha zamani wengine cha kipya, na hapo katikati anakula kwa mkopo wa duka. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, mwanafunzi akihama mwaka wa pili hela inahama baada ya hatua gani, na akirudia semista kwa sababu ya krediti nini kinatokea. Muubandike kwenye tovuti na kwenye mbao za vyuo. Bas. Hilo halihitaji bajeti.

Kuna watu wataniambia hili ni gumu, hata wenzetu wameshindwa. Ni kweli Wamarekani nao linawasumbua, ofisi yao ya ukaguzi wa serikali mwaka 2017 ilikadiria kwamba waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kama asilimia 43 ya krediti zao, karibu nusu. Lakini hawakukaa. Florida vyuo vyao vya umma kozi zimepewa namba za pamoja, ukiwa umefaulu kozi yenye namba fulani chuo hiki, kozi yenye namba ile ile chuo kingine wanakupokea nayo, hakuna mjadala wa jina. California mwaka 2010 walipitisha sheria ya diploma maalum ya kuhamia, ukiimaliza kwenye chuo cha jamii, vile vyuo vyao vya miaka miwili, una uhakika wa nafasi kwenye mfumo wa California State University na unaanzia katikati ya digrii sio mwanzo. Sheria, sio fadhila ya mkuu wa idara.

Na Ulaya ndo wamenifurahisha zaidi maana walichofanya ni karatasi tu. Mpango wao wa Erasmus umeanza 1987, mfumo wa krediti ukafuata 1989, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na mwanafunzi kabla hajaondoka kwenda kusoma nchi nyingine kunakuwa na mkataba wa masomo: hizi kozi nitasoma kule, nikifaulu zitahesabiwa hivi nikirudi. Anasaini mwanafunzi, kinasaini chuo anachotoka, kinasaini chuo anachokwenda. Saini tatu. Kabla hajaondoka. Hao ni watu wa nchi tofauti na lugha tofauti, mwingine anasoma kwa Kireno mwingine kwa Kipolandi, wanaelewana, halafu sisi Dar na Tabora kwenye reli moja ile ile tangu enzi za Mjerumani tunashindwa.

Na sisi wenyewe tunaweza, msiseme hatuwezi. Mwaka 2016 kule Songea kuna chuo kilifungiwa na wanafunzi wakapangiwa vyuo vingine na Tume yenyewe, haikuwa rahisi na najua kulikuwa na manung'uniko, ila Tume ilisimama katikati, ikaongea na vyuo. Kwahiyo chuo kikikosea mnasimama katikati. Mama wa mtoto akipooza mbona hakuna anayesimama?

Jirani zetu wa Kigoma wao hili linawagusa mara mbili. Kwao mipaka ipo mlangoni, Burundi hapo, Kongo ng'ambo ya ziwa, na Kongo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki mwaka 2017 walitangaza eneo letu kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lipo Kampala linafanya hiyo kazi. Vizuri sana. Ila tumefungua njia ya kwenda Bujumbura na Kampala wakati ya Kigoma kwenda Dodoma ina miiba. Mtoto wa Kasulu aliyesoma mwaka mmoja Kampala akirudi nyumbani anaandaa faili zito, na akisoma mwaka mmoja Mwanza akarudi Kigoma anaandaa faili lile lile. Basi anzeni na ndani.

Ninachoomba hasa ni hiki na nakiandika kwa maneno ya kawaida mkiweza mtakipeleka kwa wanasheria wenu wakivalishe suti. Mwanafunzi anayeomba kuhama atume matokeo yake kwenye mfumo, chuo anachokwenda kipewe muda maalum wa kujibu, sema siku 21, na jibu liwe orodha: hizi tunapokea, hizi hatupokei, na sababu ya kila moja iandikwe. Asiporidhika awe na mahali pa kukata rufaa nje ya chuo hicho, kwa TCU kama ni chuo kikuu, kwa NACTVET kama ni diploma. Chuo kikikaa kimya mpaka siku zimeisha krediti zihesabike zimepokelewa, hapo mtaona watu wanavyojibu haraka. Na zile kozi ambazo kila mtu anazisoma, mawasiliano, kompyuta ya mwanzo, masomo ya maendeleo, kaeni mara moja mkubaliane zinafanana, mzipe namba moja nchi nzima, tusizijadili tena.

Msianze na nchi nzima kama mnaogopa. Anzeni na Tabora na Kigoma, vyuo vyetu sio vingi kama Dar, wakuu wa idara wote wanaenea kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Leteni mitaala, waje na maelezo ya kozi zao, wakae siku mbili walinganishe moduli kwa moduli kama tulivyofanya na yule binti wa Kaliua, mkitoka hapo kuna jedwali. Mlibandike kabla dirisha la uhamisho la mwaka huu halijafunguliwa, kuna mtoto wa Sikonge ameshaacha karatasi zake hapa kwangu, baba yake anataka kujua alipe wapi.

Fotokopi za hicho kikao nitatoa mimi, wino wangu.

Mwenye steshenari,
Kanyenye, Tabora.